Ndege Ameruka, Ndege Imeruka

Katika Kiswahili, tofauti kati ya kiumbe na chombo huweza kubebwa na silabi moja. Tukisema "ndege ameruka", msikilizaji huinua macho kutafuta manyoya. Tukisema "ndege imeruka", huinua macho hayo hayo kutafuta chuma. Nomino ni ile ile, na kazi yote imeachiwa upatanisho wa kisarufi. Ndugu zetu wa lugha za nyanda za juu walichukua njia nyingine. Katika Kirundi na Kinyarwanda, lugha zilizo karibu sana na Kiha chetu, yule wa manyoya amebaki na jina lake la asili, "inyoni", na neno "indege" likapewa kile chombo peke yake. Walilikopa neno letu, wakaliacha nyuma yai na kiota chake.

Nimelitafakari jambo hili kwa sababu ya baba yangu mdogo, mzee wa Buhigwe, ambaye hadi leo humzungumzia Dakota kwa upatanisho wa viumbe hai. "Dakota hakuwa na makuu," husema. "Ukimpa oili safi, ukamsubiri apate joto, anakupeleka popote." Ndege za jeti zilizokuja baadaye huzisemea kama sote tusemavyo: ilipaa, ilitua, iliuzwa. Nilipomuuliza sababu, alishangaa kwamba kuna swali. Dakota, alinijibu, alikuwa na tabia. Zile nyingine zilikuwa na kasi.

Mzee huyu alikuwa fundi wa Shirika la Ndege la Afrika Mashariki. Alitoka kwetu akiwa kijana katika miaka ya 1960, akapanda treni Kigoma, akafika Nairobi kwa kuulizauliza, na akaishi huko kwa spana na grisi katika karakana za Embakasi hadi mwaka 1977. Sasa macho yake yamefifia sana. Hawezi kutambua uso wa mjukuu aliye mlangoni, lakini sauti za mitambo anazitambua zote. Na ana ombi ambalo amenikabidhi mimi, kwa kuwa ndiye mwandishi wa ukoo: niwaandikie wakubwa, yafanyike maonyesho ya ndege kongwe za abiria, karibu na kwetu, Kasulu au Kibondo, apate kuzisikia tena kabla hajafumba macho.

Ni rahisi kulicheka ombi kama hilo. Mimi nimeamua kulipima, kwa sababu ndani yake kuna maswali mawili yasiyopaswa kuchanganywa. La kwanza ni kwa nini jambo hilo linavutia. La pili ni kama linawezekana.

Mvuto wake hauhitaji utetezi mrefu mbele ya watu wanaopenda ushairi. Ndege kongwe ni kumbukumbu yenye sauti. Dakota, aliyeruka mara ya kwanza tarehe 17 Desemba 1935, ana injini mbili zenye silinda 14 kila moja, zilizopangwa kwa mviringo kama petali za ua. Baba mdogo hunieleza kwamba haziwashwi kwa pupa. Oili hushuka usiku ikajaa katika silinda za chini, kwa hiyo fundi huanza kwa kuizungusha rafadha kwa mikono, akihesabu mapanga yanavyopita mmoja mmoja. Ndipo injini huamshwa. Hukohoa, hutema moshi wa buluu, husita kama mtu aliyeamshwa alfajiri, kisha hukubali. Fokker Friendship, iliyokuja baadaye, ilikuwa na filimbi nyembamba iliyosikika kabla ndege yenyewe haijaonekana. Na Super VC10, yenye injini nne mkiani, ilikuwa ngurumo tupu.

Kwa watu wa Afrika Mashariki kuna zaidi ya sauti. Shirika lile lilianza kazi tarehe 1 Januari 1946 likiwa na ndege sita ndogo za de Havilland, zenye mabawa mawili juu na chini. Miaka 14 baadaye lilikuwa tayari linarusha Comet, ndege ya jeti, hadi London. Kuanzia mwaka 1966 likapokea Super VC10. Kenya, Uganda na Tanzania zilikuwa na serikali tatu, bendera tatu na nyimbo tatu za taifa, lakini mkia mmoja wa ndege. Kijana wa Kiha alishika tochi upande mmoja wa injini, Mluo upande wa pili, na Mganda akasoma kitabu cha maelekezo kwa sauti. Na lugha iliyowaunganisha katika kelele ile ilikuwa Kiswahili. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, shirika nalo likafa. Uganda ilikwisha kujiundia shirika lake mwaka 1976. Kenya na Tanzania zikafuata mwaka ule wa mvunjiko. Mafundi wakarudi makwao. Baba mdogo alirudi Buhigwe, akapanda kahawa na maharage.

Kwa hiyo anapotamani kumsikia Dakota, haitamani injini peke yake. Anautamani ule wakati ambapo wito wa "shika hapo" ulieleweka na watu wa nchi tatu.

Sasa tuje kwenye uwezekano, maana mapenzi bila hesabu ni deni.

Ndege gani, kwanza, ingeweza kuja? VC10 ilibuniwa kwa ajili ya viwanja vya Afrika vyenye joto na mwinuko, kama Nairobi, ambako hewa nyepesi huzinyima injini nguvu na mabawa mshiko. Kwa sababu hiyo mtu angedhani ingezifaa nyanda zetu za juu. Lakini ilihitaji lami ndefu, na viwanja vidogo vya Kasulu na Kibondo si vya lami. Tena hakuna Super VC10 inayoruka popote duniani leo. Comet nayo imebaki ya kutazamwa. Anayebaki ni Dakota. Yeye alitengenezwa kutua kwenye nyasi na kwenye changarawe. Gurudumu lake dogo liko mkiani, pua imeinuka, na ardhi isiyo sawa haimtishi. Wapo wachache duniani wanaoruka hadi sasa.

Tuchukulie kwamba amepatikana mmoja Nairobi. Kutoka huko hadi Kibondo, kwa mstari ulionyooka, ni zaidi ya kilomita 700. Kwa mwendo wake wa kawaida ni karibu saa tatu angani, na kila saa hunywa takriban lita 350. Kwenda na kurudi kunameza zaidi ya lita 2,000, kabla hajazunguka hata mara moja juu ya vichwa vya watazamaji. Na mafuta yenyewe si yale ya jeti, ambayo ni ndugu wa mafuta ya taa na hupatikana katika viwanja vikubwa. Injini zake zinataka petroli maalumu ya ndege, ambayo ingebidi isafirishwe kwa mapipa hadi kwetu. Ongeza bima, vibali vya mamlaka za anga za nchi mbili, gari la zimamoto, uzio wa kuzuia watoto na mbuzi wasiingie njiani, na fundi anayeijua injini ambayo ujana wake ulikwisha kabla baba zetu hawajaoa.

Kisha kuna jambo zito kuliko fedha. Mwaka 2018, katika muda wa siku 25 tu, ndege mbili kongwe za abiria zilianguka. Tarehe 10 Julai, Convair 340 iliyojengwa miaka ya 1950 ilishika moto injini ilipopaa Wonderboom, Pretoria. Ilikuwa ikiandaliwa kupelekwa kwenye jumba la makumbusho Uholanzi, na watu wakapoteza maisha. Tarehe 4 Agosti, Junkers Ju 52 ya mwaka 1939 ilianguka katika milima ya Uswisi ikiwa imebeba watalii, na wote 20 waliokuwamo wakafa. Wachunguzi walilaumu namna marubani walivyoiendesha bondeni, lakini walikuta pia kutu na nyufa katika chuma chake. Uswisi ni nchi yenye karakana, fedha na wakaguzi. Kama huko uzee wa chuma uliweza kujificha, hatuna haki ya kuwaweka wanakijiji wa Kasulu chini ya bawa la miaka 80 kwa sababu tu mzee wetu mmoja ana hamu.

Nilimsomea baba mdogo hoja hizi. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, umehesabu vizuri. Lakini mbona hukuihesabu Liemba?"

Liemba ni meli, si ndege, na msomaji wa Kigoma anajua kwa nini aliitaja. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikasafirishwa hadi Ziwa Tanganyika na kuunganishwa Kigoma kwa jina la Graf von Götzen. Mwaka 1916 ndege za Wabelgiji, zile zinazoelea majini, zilivuka ziwa kuja kuishambulia bandarini; hao ndio waliokuwa ndege wa chuma wa mwanzo kwa watu wa ufuko wetu, na kweli walikuwa ndege wabaya. Ndipo Wajerumani, walipokuwa wakirudi nyuma, wakaizamisha wenyewe, injini zikiwa zimepakwa grisi nzito. Waingereza wakaiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini ikiitwa Liemba. Tangu hapo imebeba dagaa, mahindi, wafanyabiashara na wakimbizi. Hakuna aliyeitunza kwa kuihurumia. Ilitunzwa kwa sababu watu wa Kirando na Kasanga walikuwa wakiingoja.

Jibu la mzee, basi, lilikuwa hili: kitu kikongwe hakiishi kwa kutazamwa, huishi kwa kuwa na kazi. Usiku ule niliandika ubeti mmoja, nao ndio huu:

Ndege chuma ya zamani, sauti yako najua,
Ulipopita angani, milima ikapokea,
Leo kimya uwanjani, kutu inakuvamia,
Tutakutunza kwa nini, kama si kwa kutumia?

Mtaona kwamba mimi nimeandika "ya zamani" nikakwepa "wa zamani". Baba mdogo aliposomewa alilikamata kosa hilo, kwa maoni yake ni kosa, hata kabla ya mstari wa pili. Tulibishana kwa muda. Nilimwambia kwamba chombo kisicho na uhai huchukua upatanisho wa ngeli yake. Akanijibu kwamba mimi sijawahi kukiamsha chombo hicho saa kumi na moja alfajiri. Ubeti nimeuacha nilivyouandika, na pingamizi lake ninaliandika hapa lisimame kando yake.

Tena wazee wa pwani walikuwa na maana ya tatu ya neno hili, ambayo sasa inasahaulika: ndege ni dalili, bishara ya heri au ya shari. Msafiri aliyekutana na ndege mbaya aligeuza njia akarudi nyumbani. Kwetu maana hiyo haijafa. Tangu wakimbizi wa Kongo walipofika Nyarugusu mwaka 1996, na tena wale wa Burundi walipomiminika mwaka 2015, ndege ndogo za mashirika ya misaada zimekuwa zikitua katika viwanja vyetu. Mtoto wa kambini akisikia mngurumo hajiulizi kama ni chombo kizuri. Hujiuliza imeleta nini, au imemfuata nani. Hili nalo ni sharti liingie katika mizani ya mtu anayetaka kurusha ndege za kufurahisha juu ya wilaya hizi. Mngurumo wa angani si muziki kwa masikio yote.

Je, nilifute basi ombi la mzee? La. Nimeligeuza tu.

Katika Surrey, kusini mwa Uingereza, iko Super VC10 moja ambayo kila Mtanzania anapaswa kuijua. Zilijengwa VC10 54 za kila aina, na hiyo ndiyo ya mwisho kutoka kiwandani, mwaka 1970. Ilipakwa rangi za Shirika la Ndege la Afrika Mashariki na kuandikishwa Tanzania kwa alama 5H-MOG. Shirika lilikuwa na ndege tano za aina hiyo. Moja iliangamia Addis Ababa mwezi Aprili 1972, na watu 43 wakafa. Nne zilizobaki, baada ya mvunjiko, zilirudi Uingereza na kugeuzwa ndege za kijeshi za kujaza wenzao mafuta angani. Zilifanya kazi hiyo hadi Septemba 2013. Ile ya mwisho ikakabidhiwa jumba la makumbusho la Brooklands na kutua Dunsfold. Haikuruka tena. Lakini injini zake zimewahi kuwashwa na ndege ikatembezwa ardhini mbele ya watazamaji, magurudumu yakiwa hayajaiacha lami.

Hapo kuna funzo la uwezekano. Maonyesho ya ndege kongwe si lazima yawe ya kuruka. Injini inayoamshwa chini, nyuma ya kamba, mbele ya watu waliosimama mbali, hutoa sehemu kubwa ya kile mzee anachokitamani na sehemu ndogo ya hatari. Nairobi ilionyesha mwezi Mei 2022, katika viwanja vya Uhuru Gardens, kwamba umma wa Afrika Mashariki uko tayari kukusanyika kwa maelfu kwa ajili ya ndege. Siku moja ya kuamsha injini kongwe huko Nairobi, na ya kualika mafundi wa shirika lile la zamani kutoka nchi zote tatu, ingegharimu sehemu ndogo tu ya kumleta Dakota Kibondo. Ni mzee anayepaswa kusafirishwa kwenda kwa ndege. Basi la Kasulu lipo, na barabara ya Kibondo hadi Nyakanazi si ile ya tope tuliyoijua utotoni.

Nilipomweleza hivyo, aliuliza jambo moja tu: "Na wenzangu watakuwepo?"

Hapo nilielewa kwamba ndege ilikuwa nusu ya ombi. Nusu nyingine ni watu, na watu hawana vipuri. Dakota mwingine anaweza kupatikana Afrika Kusini au Marekani hata baada ya miaka 20. Fundi aliyemhudumia kwa Kiswahili hatapatikana. Akiondoka ataondoka na lugha nzima ya kazi: namna walivyosema injini "imekubali" au "imekataa", walivyotofautisha "kushusha injini" na "kufumua injini", walivyoita mtetemo fulani kwa jina na mtetemo mwingine kwa jina jingine. Kamusi zetu zina rubani, ambaye alikuwa wa majini kabla ya kuwa wa angani, na zina rafadha. Hazina kile kilichosemwa chini ya bawa usiku wa manane mvua ikinyesha, Mha, Mluo na Mganda wakitafuta neno moja litakaloelewa na wote watatu kabla abiria hawajaamka.

Kwa hiyo nimeanza na kilicho ndani ya uwezo wangu. Kila Jumapili alasiri nakaa na baba mdogo kibarazani, simu ikirekodi kati yetu, naye hutaja sehemu za Dakota kuanzia puani hadi mkiani. Mpaka sasa tumefika kwenye mzizi wa bawa la kushoto. Baadhi ya maneno ni Kiingereza kilichofinyangwa, mengine ni ya mabaharia wa pwani, na mengine sikupata kuyasikia popote. Siku nyingine huchoka mapema, akasema kesho. Siku nyingine huiga sauti ya injini kwa mdomo, kikohozi kwa kikohozi, hadi wajukuu waje wakimbilie kutazama.

Barua kwa wakubwa nimeiandika pia. Sikuomba ndege ije. Nimeomba wazee waitwe. Nawe msomaji, ikiwa katika ukoo wenu yuko aliyepata kufanya kazi Embakasi, Entebbe au Dar es Salaam katika shirika lile, usingoje tarehe ya maonyesho. Mpelekee kiti, umuulize walikiitaje kile kidude kidogo kilicho nyuma ya gurudumu, na uandike kama atakavyotamka.